Barua ya wazi kwa viongozi wa michezo: kabla ya jengo, tuonyesheni daftari

Kwenu viongozi wa mashirikisho, wenyeviti wa vilabu, na ninyi mliopewa dhamana ya michezo serikalini, popote mlipo.

YAH: MAKUMBUSHO YA MICHEZO MNAYOTAKA KUJENGA

Waheshimiwa, salaam.

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mtu wa chumba cha nyuma. Kazi yangu ni kuorodhesha vitu vya makumbusho: napokea, napima, nauliza kimetoka kwa nani, naandika namba kwa penseli, nafunga, naweka rafuni. Wageni wanaokata tiketi hawanioni, na hakuna haja wanione. Nimeshika kalamu kwa sababu kila baada ya muda mmoja wenu hutangaza kwamba atajenga makumbusho ya michezo ya kisasa, yenye skrini za kugusa na taa za rangi, na sijawahi kusikia mwandishi wa habari hata mmoja akimuuliza: ndani mtaweka nini?

Miaka kadhaa iliyopita klabu moja iliniita niisaidie kuchagua vitu vya maonyesho ya kuadhimisha kuanzishwa kwake. Nikapelekwa chini ya jukwaa, kwenye stoo iliyochanganya pampu ya maji, mifuko ya chokaa ya kuchorea mistari ya uwanja, na historia yote ya klabu. Vikombe vilikuwa ndani ya boksi la runinga, kimoja kimelalia kingine. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha fedha na kilimeremeta, maana kuna mtu mwaminifu aliyekuwa akikisugua kabla ya kila sherehe, mwaka hadi mwaka. Nikakigeuzia mwangani nisome majina ya wachezaji yaliyochongwa ubavuni. Hayakusomeka. Fedha ukiisugua unaondoka na utando mwembamba wa fedha yenyewe, na mchongo nao unakwenda kidogo kidogo. Nilipopitisha kidole nilihisi vijibonde tu pale palipokuwa na jina la mtu. Timu nzima ilikuwa imefutwa kwa kitambaa, tena kwa nia njema.

Pembeni palikuwa na jozi za viatu, kila jozi ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, kwa imani kwamba ndivyo vitu vinavyotunzwa. Nilipofungua wa kwanza soli ilimeguka mikononi kama biskuti iliyolowa ikakauka. Soli za namna ile huharibiwa na unyevu, na mfuko ulikuwa umeufungia unyevu humo humo.

Chini kabisa ya boksi nikakuta daftari la shule lisilo na jalada, limefungwa kwa kamba ya kiatu. Lilikuwa la mtunza vifaa. Kwa miaka mingi aliandika jezi ipi imetoka, nani kaichukua, nani karudisha, ipi imechanika kwapani ishonwe, nani kaazimwa viatu vya mwenzake vinavyompwaya. Mstari mmoja naukumbuka hadi leo: "Namba 7 imerudi na damu. Isifuliwe na nyeupe." Nikakaa juu ya mfuko wa chokaa nikaanza kusoma. Majina yale yaliyofutika kwenye kikombe yalikuwa humo, pamoja na saizi za viatu vyao.

Mwenyeji wangu akanigusa bega. "Hayo achana nayo, tunatafuta makombe."

Waheshimiwa, nyote mnatafuta makombe. Ndiyo maana naandika.

Makumbusho ya michezo si jambo la juzi. Kule Olympia, Ugiriki, ambako michezo ya kale huhesabiwa kuanzia mwaka 776 KK, washindi walisimamishiwa sanamu ndani ya eneo takatifu, na miji ikajenga vyumba vya kutunzia vitu vya thamani ilivyovitoa kwa miungu. Msafiri Pausanias, aliyepita pale katika karne ya 2 BK, aliandika sanamu moja baada ya nyingine: huyu nani, katoka mji gani, kashinda nini. Mimi namhesabu kuwa mtangulizi wangu kazini. Lakini kinachonivuta zaidi pale Olympia ni sanamu za shaba za Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, zilizopangwa kando ya njia ya kuingilia uwanjani. Zililipiwa na faini za wanamichezo waliokamatwa kwa udanganyifu. Za kwanza zilitokana na kisa cha mwaka 388 KK, pale Eupolos wa Thessaly alipowahonga mabondia watatu aliopambana nao. Maandishi ya chini yaliwakumbusha wapitao kwamba ushindi wa Olympia hupatikana kwa wepesi wa miguu na nguvu za mwili, si kwa fedha. Sanamu zenyewe hazipo tena. Vitako 16 vya mawe vipo, vimejipanga mahali pale pale, na kila aliyekwenda kushindana ilibidi apite mbele yake.

Hebu nitajieni ukumbi mmoja wa siku hizi uliojengwa na shirikisho, ambao mgeni akiingia kitu cha kwanza anachokutana nacho ni aibu ya shirikisho hilo. Hatupendi. Tunapenda kabati la vioo.

Na hilo kabati la vioo halilindi kama mnavyodhani. Kombe la Jules Rimet, lile la kwanza la mashindano ya dunia ya mpira wa miguu, lilipita Vita Kuu ya Pili ndani ya boksi la viatu, chini ya kitanda cha kiongozi wa mpira wa Italia, Ottorino Barassi, kwa sababu kuna mtu mmoja aliyejua liko wapi na kwa nini. Mwezi Machi 1966 liliwekwa kwenye maonyesho ya stempu jijini London, likaibwa, na baada ya siku saba likagunduliwa na mbwa aitwaye Pickles akiwa matembezini na bwana wake, limeviringishwa gazeti. Brazil wakalichukua moja kwa moja mwaka 1970, baada ya ubingwa wa tatu. Desemba 1983 likaibwa tena, safari hii katika ofisi za shirikisho jijini Rio de Janeiro. Kabati lake lilikuwa na kioo kisichopenyeka kwa risasi kwa mbele. Nyuma lilikuwa la mbao. Wezi wakabandua ubao, na kombe halikuonekana tena.

Kisa hicho kinajulikana na wengi. Mkia wake haujulikani sana. Kombe lile lilibadilishiwa kitako katika miaka ya 1950, kikawekwa kirefu zaidi, na cha zamani, cha jiwe la buluu, kikasahaulika. Mwaka 2015 ikatangazwa kwamba kimepatikana. Kilikuwa kwenye ghala la chini la FIFA lenyewe, kule Zurich, wakati watu wa makumbusho mapya wakipekua vitu. Shirika tajiri kama hilo lilikuwa limekalia kipande hicho kwa takriban miaka 60 bila kujua. Kama hayo yamewapata wao, nanyi mnaosema "vitu vyetu vipo salama stoo", mmeingia lini humo stoo?

Kitu hakiwi cha makumbusho kwa kung'aa. Kule Lord's, uwanja wa kriketi jijini London, kwenye makumbusho ya klabu ya kriketi ya MCC yaliyofunguliwa mwaka 1953, kinachotazamwa kuliko vyote ni kijichungu cha udongo chenye kimo cha sentimita 11 hivi. Mwaka 1882 Australia waliifunga Uingereza nyumbani kwake, na gazeti moja likachapisha tangazo la msiba la utani: kriketi ya Uingereza imefariki, mwili utachomwa, majivu yatapelekwa Australia. Msimu uliofuata nahodha wa Uingereza, Ivo Bligh, akiwa ziarani Australia, akazawadiwa kijichungu hicho kuwa ndicho cha majivu yale ya utani. Alipofariki mwaka 1927, mjane wake akakikabidhi kwa klabu. Ukikiuza bila habari yake hukipatii hela ya nauli. Pamoja na habari yake, mataifa mawili yamekigombania kwa zaidi ya karne moja, na hata Australia wakishinda makao yake hubaki Lord's kwa sababu ni dhaifu. Karatasi na kumbukumbu ndivyo vilivyokipa uzito huo.

Karatasi nayo huweza kudanganya, na hapo pia nina neno. Ukumbi wa heshima wa besiboli wa Cooperstown, Marekani, ulifunguliwa tarehe 12 Juni 1939 katika mji huo mdogo kwa sababu tume moja ilikuwa imeamua, mwaka 1907, kwamba Abner Doubleday aliuvumbua mchezo papo hapo mwaka 1839. Ushahidi ulikuwa barua za mzee mmoja akikumbuka utoto wake. Mwaka huo Doubleday alikuwa mwanafunzi katika chuo cha kijeshi cha West Point. Hata hivyo mpira mmoja mkuukuu uliotoka kwenye sanduku la zamani karibu na mji huo ulinunuliwa kwa dola 5, ukaitwa mpira wa Doubleday, ukawekwa kwenye maonyesho. Upo hadi sasa, ila siku hizi wenyewe wanamweleza mgeni kwamba kisa kile ni hadithi tu. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha makumbusho yaliyokomaa. Hawakuutupa mpira. Walibadilisha kadi ya maelezo.

Ukumbi huo huo ulichelewa sana kwa wachezaji weusi. Kabla mwenzao Jackie Robinson hajaingia ligi kuu mwaka 1947, walicheza ligi zao wenyewe kwa miongo mingi. Mwaka 1971 ilipofika zamu ya Satchel Paige, nyota wa ligi hizo, mpango wa kwanza ulikuwa kumweka kwenye sehemu ya pembeni, si na wenzake, mpaka watu walipopiga kelele. Kwa hiyo waliokuwepo hawakungoja kukaribishwa. Mwaka 1990 makumbusho ya ligi za weusi yalianzishwa Kansas City, yakaanzia kwenye chumba kimoja, na Buck O'Neil, aliyezicheza ligi hizo, akawa sauti yake. Ndani kuna uwanja mdogo wenye sanamu za wachezaji wale zimesimama kila mmoja katika nafasi yake. Ukiingia tu unauona, lakini umetenganishwa nao kwa waya kama wa banda la kuku. Unazunguka maonyesho yote huku unauona uwanja na huufikii. Mwishoni kabisa ndipo unaruhusiwa kukanyaga. Waliopanga hivyo walifikiri, na gharama yake ni waya.

Sasa tuje kwa wanawake, ambao katika kabati zenu ni picha moja ya timu iliyobandikwa karibu na mlango wa choo. Tarehe 26 Desemba 1920 watu wapatao 53,000 walijaa uwanja wa Goodison Park, Liverpool, kutazama mechi ya timu ya wanawake wa kiwandani iliyoitwa Dick, Kerr Ladies. Desemba iliyofuata, mwaka 1921, chama cha soka cha Uingereza kikawafungia wanawake milango ya viwanja vya wanachama wake, na zuio hilo likadumu karibu nusu karne. Timu isiyokuwa na uwanja haina stoo, na isiyokuwa na stoo haina vitu vya kuonyesha. Baadaye mtu mwema anakuja kupanga maonyesho, anasema kwa huzuni kwamba "hatukupata vitu vya wanawake". Hukuvipata kwa sababu viko kwenye masanduku ya wajukuu. Lily Parr wa timu ile aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa makumbusho ya taifa ya soka ya Uingereza mwaka 2002, miaka 24 baada ya kufariki, na sanamu yake ikafuata mwaka 2019. Heshima imekuja, nashukuru, ila huwezi kumrekodi marehemu akisimulia.

Kuna kitu kingine ambacho fomu zenu za kupokelea vitu hazina kisanduku chake. Oktoba 1968, mbio za marathoni za Olimpiki jijini Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka njiani akaumia goti. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshashinda zaidi ya saa moja kabla, giza limeingia, watu wengi wameshaondoka uwanjani, ndipo Akhwari akaingia akichechemea na bandeji imening'inia mguuni. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Leo ukimwambia mtu wa kawaida akutajie mshindi wa siku ile atakuna kichwa, lakini mtu aliyemaliza wa mwisho anamjua. Sasa nawauliza: mtu akija mlangoni kwenu na kitambaa kama kile, kina doa, hakina nembo, mtakipokea kama nini? Fomu ina "kombe", ina "medali", ina "jezi". Karani atamwambia arudi nacho nyumbani.

Au atakipokea kienyeji, na hilo nalo ni balaa lake. Juni 1986, baada ya mechi ya Kombe la Dunia ya Argentina na Uingereza, Diego Maradona alibadilishana jezi na kiungo Steve Hodge. Jezi ile, ya bao la mkono na ya bao lile lingine la kuwatoka nusu ya timu, ilionyeshwa kwa takriban miaka 20 kwenye makumbusho ya soka ya Uingereza. Mgeni angeweza kudhani ni mali ya makumbusho. Ilikuwa mkopo. Mei 2022 mwenyewe aliipeleka mnadani, ikauzwa pauni milioni 7.1. Simlaumu hata kidogo, ni jezi yake, na makumbusho walijua wazi kuwa ni mkopo, ndiyo maana hapakuwa na kesi kati yake na makumbusho. Hata mnadani, kabla ya bei kupanda, ilibidi ilinganishwe na picha za siku ile, nembo kwa nembo, mstari kwa mstari, kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe.

Kwenu hali ni tofauti. Mzee mchezaji anakuja na medali yake siku ya sherehe, mwenyekiti anaipokea mbele ya kamera, anashukuru, anaiweka mfukoni mwa koti. Imetolewa au imeazimwa? Hakuna karatasi. Uongozi ukibadilika, ufunguo wa stoo unabadilika mikono, na kila ufunguo unapobadilika mikono kitu kimoja kinapungua. Miaka kumi baadaye watoto wa yule mzee wanakuja kuuliza, na aliyepo ofisini hajui hata kama medali ilikuwepo. Nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo. Binti wa marehemu alikuwa na picha ya gazeti inayoonyesha makabidhiano. Sisi hatukuwa na kitu.

Ndiyo maana nawaomba, kabla hamjamlipa mchora ramani, mnunue daftari. Nasema daftari kweli kweli, la jalada gumu, hata kama mtaweka na kompyuta. Kila kitu kipewe namba moja isiyotumika tena. Iandikwe nani kaleta, lini, ni zawadi au mkopo, kina kasoro gani siku ya kupokelewa, na pande zote mbili ziweke sahihi. Nguo ishonewe kitambaa kidogo chenye namba, isibandikwe gundi. Aliyeleta apewe nakala aende nayo nyumbani. Kisha aketishwe, arekodiwe akisimulia, siku hiyo hiyo, maana wengi wao hawana mwaka mwingine wa kungojea miadi ya ofisi.

Vikombe acheni kusugua. Vikombe vilivyofifia havijaharibika, vilivyofutika ndivyo vimeharibika. Jezi zitoeni kwenye nailoni, mzilaze kwenye karatasi isiyo na asidi, na mkizionyesha mwanga uwe hafifu, luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), halafu mzipumzishe. Najua mbunifu wa taa atalalamika. Mikanda ya filamu ikianza kunuka siki msingoje bajeti ya mwaka ujao, ndiyo inakufa hivyo, na inaambukiza iliyo jirani.

Kuhusu nini kionyeshwe, msijipe kazi hiyo ninyi wenyewe. Nimeona ukumbi ambamo picha ya kiongozi akikata utepe ilikuwa kubwa kuliko ya mfungaji bora. Wapeni watu wa historia, wachezaji wa zamani, mashabiki, hata marefa, na muwaachie waweke faini, kashfa, mwaka wa kushuka daraja, na jina la aliyezuiwa kucheza na sababu yake. Kuna siku mtaudhika. Wale wa Olympia nao nadhani waliudhika.

Jengo likiwezekana, lijengwe, sina ugomvi nalo. Makumbusho ya soka niliyoyataja yalifunguliwa Preston mwaka 2001, yakahamia Manchester mwaka 2012, na vitu vikasafiri kwa sababu vilikuwa na namba. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilihamia Lausanne, Uswisi, mwaka 1915, na jengo lake la makumbusho la sasa limefunguliwa mwaka 1993. Saruji husubiri. Yule mzee wa medali hasubiri.

Sasa nirudi kwenye daftari la mtunza vifaa. Siku ile niliomba ruhusa ya kuondoka nalo ili nilisafishe ukungu, nikakubaliwa kwa kutikiswa mkono, bila karatasi. Nimelisafisha kwa brashi laini, ukurasa kwa ukurasa, nimelipiga picha, nimelitengenezea boksi. Nimeandika barua mara tatu kuomba klabu ilipokee rasmi na sijajibiwa. Kwa sheria zangu mwenyewe, hadi leo nina mali ya watu isiyo na hati. Yeyote kati yenu anayelitambua kwa maelezo haya aje na kalamu. Fomu mbili zipo tayari juu ya boksi, moja yenu, moja yangu, na nafasi ya sahihi nimeiwekea alama ya penseli.

Wenu katika kazi,

Mwandishi wa kadi za maelezo